Choo cha Manukato

Mkuu wa ofisi ya afya alikuwa na jina lake la kwenye vyeti, lakini watu walimwita Manukato, na si kwa mapenzi. Alijipulizia marashi asubuhi, akajipulizia tena baada ya chai, na alipopita maabara alijipulizia palepale mlangoni kama mtu anayefukuza mbu. "Maabara yako inanuka mto," alimwambia mpima maji, kitambaa kikiwa puani. Mto wenyewe ulipita chini ya dirisha lake, na dirisha hilo hakulifungua hata siku moja.

Mpima maji alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, mwenye midomo iliyozoea kubetuka. Yeye walimwita Bi Chupa, kwa sababu kila wiki alionekana ukingoni amekunja koti lake jeupe, akizamisha chupa majini. Alichota darajani, juu ya mji, kisha akachota chini kwenye mlango wa bahari, pale mto unapomwagikia baharini, mahali vijana wanapoogelea na wanawake wanapobandua chaza miambani. Maji hayo aliyachuja kwa karatasi nyembamba, akailaza karatasi kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakifungia kisahani ndani ya kabati la joto. Kesho yake alihesabu madoa ya buluu. Kila doa ni ukoo mzima wa vijidudu vya tumboni mwa watu. Madoa yakiwa machache, watu waogelee na chaza waliwe. Yakiwa mengi, bendera nyekundu.

Siku hizo visahani vya darajani vilitoka safi, na vya mlango wa bahari vilitoka kama vimemwagiwa wino. Maana yake ilikuwa moja: uchafu uliingia mtoni hapo katikati. Na hapo katikati palikuwa na ng'ambo mbili. Upande mmoja ofisi ya afya, yenye vigae, maua na maegesho ya gari la Mkuu. Upande wa pili nyumba za wabandua chaza, mabati na mbao, watoto na kuku.

Manukato hakuhitaji kisahani kumwambia ni upande gani.

"Watu wa ng'ambo," alisema, kwa sauti ile watu wanayotumia kutaja mende. "Wanajisaidia majini, halafu wanakuja kunililia kwamba nimewafungia chaza. Mtu hana aibu!"

Bi Chupa aliitikia kwa kichwa. Aliitikia haraka kuliko wenzake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ambo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na mama yake mdogo, na ni chaza wa mama mdogo waliomsomesha mpaka akavaa lile koti. Tangu alipolivaa, akiulizwa kwao wapi, hujibu "kule," na mkono wake huelekea popote, hata angani.

Bendera nyekundu ilipochomekwa, wanawake waliendelea kubandua kwa siri alfajiri. Habari zikamfikia Manukato, naye akamtuma Bi Chupa na askari wa ofisi wakawakamate na ndoo zao.

Waliwakuta wanapanda kutoka miambani, nguo zimelowa hadi kiunoni. Wa mbele alikuwa mama mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo hakuitikia. "Salamu ziweke. Umekuja na askari, sema maneno ya askari."

"Mnaiona bendera. Chaza ananyonya maji mchana kutwa, anachuja chakula chake, na uchafu unabaki ndani yake. Mtu akimla atahara, na mtoto anaweza kufa."

"Nani amekufa?"

"Tungoje mpaka afe?"

Hilo lilikuwa kweli tupu, lakini alilisema kama mtu anayezungumza na watoto, tena wazito wa kuelewa. Kisha akaziinamisha ndoo moja baada ya nyingine, akamwaga chaza chini na kuwamiminia dawa ya klorini wasije wakaokotwa tena. Harufu ya dawa ikapanda. Ndoo ya mama mdogo ilikuwa ya mwisho, na Bi Chupa hakuiruka, maana askari alikuwa akimtazama.

Mama mdogo alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyeupe. "Hao unaowaua ndio waliokununulia hilo koti."

"Na masomo hayo ndiyo ninayoyatumia kuwalinda. Mngejenga vyoo—"

"Sisi tuna mashimo, mwanangu. Yako kilimani nyuma ya nyumba, mbali na maji, na wewe umeyachuchumalia miaka yote ya utoto wako. Au siku hizi huendi haja?" Wanawake wakacheka, kicheko kisicho na sukari. "Nyie huko kwenye vigae mna choo cha kuvuta. Kikivutwa kinaenda wapi?"

"Kinaenda kwenye shimo la kisasa."

"Umeliona?"

Bi Chupa akageuka na kuondoka. Njia nzima alisonya. Watu hawa, alijiambia, unawaokoa na kuhara, wanakuuliza habari za choo chako! Lakini lile swali lilikuwa kama mwiba wa samaki: si mkubwa, ila kila ukimeza mate unausikia. Miaka yote ile aliyofanya kazi pale alivuta kamba ya choo, maji yakanguruma, naye akanawa mikono na kwenda zake. Vituo vyake vya kuchota alipangiwa na Manukato, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chini ya ofisi. Naye hakuwahi kuuliza. Nani atapima maji chini ya nyumba ya mganga?

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alichukua chupa, akazunguka nyuma ya jengo ambako hata mfagiaji hakufika. Majani yalimfika kifuani. Akateremka mpaka kwenye maji, chini kabisa ya dirisha lisilofunguliwa, akakuta bomba nene la saruji limetokeza mdomo kati ya matete. Lilikuwa linatiririka, na mvua haikuwa imenyesha kitambo. Harufu ilimwambia yote kabla ya kisahani, lakini Bi Chupa hakuwa mtu wa kuamini pua. Alichota. Kesho yake kisahani kilikuwa cheusi kwa ubuluu.

Akakipeleka mezani kwa Manukato.

"Toa hicho kitu kwenye karatasi zangu," alisema Manukato.

"Mkuu, kuna bomba chini ya dirisha lako. Linamwaga kinyesi mtoni."

"Usitumie neno hilo humu. Tunasema changamoto ya ubora wa maji."

"Changamoto inatoka chooni kwetu, Mkuu."

Manukato alicheka kwa pua. "Hilo ni bomba la mvua. Tulipotengeneza maegesho mhandisi mwenyewe alinihakikishia kila kitu kiko sawa."

"Mvua haijanyesha. Na maegesho ndiyo yamejengwa juu ya shimo. Nadhani walilifukia, wakageuzia bomba kwenye—"

"Wewe kwenu ng'ambo, siyo?"

Alilisema polepole, huku akilainisha tai yake. Bi Chupa alisimama na kisahani mkononi kama mwizi aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mtu.

"Nilijua siku nyingi," aliendelea Manukato. "Nikasema, mwache, huyu amejitoa kwenye tope. Kumbe unaweza kumtoa mtu topeni, lakini kulitoa tope kwa mtu ni kazi nyingine. Sasa sikiliza. Wiki ijayo naita waandishi wa habari. Tutamwaga ile rangi ya kufuatilia maji kwenye vyoo vya ndugu zako, mto ugeuke kijani mbele ya kamera, maneno yaishe. Wewe ndiye utakayeimwaga. Watu wako watakuamini."

Hapo ndipo Bi Chupa alipomtazama mtu huyu vizuri kwa mara ya kwanza. Miaka yote alimwogopa, akamwiga, akabetua midomo pale alipobetua. Sasa aliona mwanamume mwenye shingo nyororo aliyekaa juu ya mavi yake mwenyewe, akijipulizia marashi, akiwanyooshea kidole walioko upande wa pili. Dharau aliyokuwa akiwapelekea watu wa ng'ambo, akaiona inageuka na kumwangukia Manukato mwenyewe. Nyingine akajibakizia, kwa kuwa hakujiona mtu wa kuheshimika sana, yeye aliyemwaga ndoo ya mama yake mdogo.

"Niandikie kibali, Mkuu," alisema kwa adabu. "Cha kutia rangi vyooni. Wasije wakanikatalia."

Manukato akaandika kwa furaha, herufi kubwa: rangi itiwe katika vyoo vyote vilivyoko ukingoni mwa mto.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Bi Chupa aliwahi ofisini kabla ya mfagiaji. Manukato alikuwa na choo chake peke yake, chenye kufuli, ila ufunguo ulining'inia kwa karani kwa ajili ya usafi. Bi Chupa akaingia, akafunua tangi la maji nyuma ya choo, akamimina humo kifuko kizima cha rangi. Akalifunika. Akanawa mikono kwa sabuni ya Mkuu, nayo ilinukia waridi.

Huko ng'ambo mambo yalikuwa yamepambwa. Manukato alileta viti, kivuli cha turubai na chupa kubwa ya chai. Waandishi walikuwa kikundi kidogo, wamechoka, wanauliza kama kuna chakula. Wabandua chaza walisimama pembeni mikono imefungwa vifuani, na mama mdogo mbele yao kama mlango uliofungwa.

Bi Chupa akapita na ndoo ya rangi kutoka shimo moja hadi jingine, akamwaga mbele ya kila mtu. Alipompita mama mdogo, alinong'ona, "Vumilia kidogo tu."

"Kumbe bado unajua kunong'ona," mama mdogo akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwaga, mwanangu. Maliza kazi ya bwana wako."

Wakakaa kusubiri. Mto ulipita zake, wa kahawia, bila habari. Manukato akatoa hotuba kuhusu ustaarabu. Akanywa chai. Akaeleza kwamba tatizo la nchi si umaskini, ni uchafu wa moyo, na akanywa chai nyingine. Mto bado wa kahawia. Mwandishi mmoja akapiga miayo. Manukato akasema rangi huchukua muda, akajimiminia tena.

Bi Chupa alikaa akihesabu vikombe vile kwa macho. Alimjua bwana huyu. Asingeingia kwenye choo cha shimo hata akishikiwa mtutu wa bunduki.

Hatimaye Manukato akaanza kubadilisha miguu. Akatazama saa yake. "Nakwenda ofisini mara moja, kuna simu muhimu," alisema, akaondoka akipita daraja la miguu kwa hatua fupi fupi za mtu aliyebeba kitu kinachotaka kumwagika.

Baadaye karani, aliyekuwa akisikia kila kitu kupitia ukutani, alisimulia kwamba Mkuu alivuta choo mara mbili. Ile rangi ya kijani aliiona, na akafurahi. Alidhani hatimaye wamemnunulia ile dawa ya chooni ya kunukia aliyoiomba mwaka mzima. Alisikika akisema peke yake, "Sasa hivyo ndivyo."

Ng'ambo, msichana aliyekuwa kajitanda khanga akapiga yowe. Chini ya ofisi ya afya, kati ya matete, mto ulikuwa umeanza kung'aa. Kwanza kamba nyembamba, kisha utepe, kisha ulimi mpana wa kijani kikali, kijani ambacho hakuna jani wala kasuku aliyewahi kuwa nacho, ukatanuka katikati ya maji na kuanza safari ya kwenda baharini, kwenye miamba ya chaza. Waandishi waliokuwa wanasinzia walirukia kamera zao.

Wakati huohuo Manukato akatokea kwenye daraja la miguu, amechana nywele, anajifuta mikono kwa kitambaa, marashi mapya yakimtangulia. Akatazama chini, akaona kijani. Uso wake ukachanua.

"Mnaona!" alipaza sauti tangu mbali. "Mnaona! Nilisema! Piga picha hiyo! Piga na hapo! Huo ndio uchafu wa watu hawa, wananchi wauone wenyewe! Mtu anayefanya hivi ni mtu? Ni mnyama! Mwandike hivyo hivyo, na jina langu mliweke."

Wakaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyemkatiza. Mtu akijichimbia kaburi, mstaarabu humwachia nafasi ya kurusha udongo.

Mwisho mwandishi yule wa miayo akauliza, kwa upole kabisa, "Samahani Mkuu. Hebu tuonyeshe inatokea upande gani."

Manukato akanyoosha kidole. Akaifuata kijani kwa kidole, kutoka kwenye mlango wa bahari, ikapanda na mto, ikapita mbele ya nyumba za mabati bila kuzigusa, ikavuka, ikaingia kwenye matete, ikapanda ukuta wenye vigae, na kidole kikasimama kwenye dirisha lake mwenyewe. Kikabaki hapo. Alionekana kama mtu aliyesahau namna ya kukirudisha.

Mama mdogo alikifuata kile kidole kwa macho. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama anayemsomea mtoto, "Nyani haoni kundule."

Kicheko kilichofuata kilifika mpaka ofisini, na karani alifungua dirisha la Mkuu kuchungulia kuna nini, likalia kwa kutu.

Kesi haikukosekana. Bi Chupa aliitwa makao makuu, akasimamishwa mbele ya meza ndefu yenye mabwana watatu na maji ya chupa.

"Ulitia rangi choo cha Mkuu wako bila ruhusa?"

"Kibali kinasema vyoo vyote vilivyoko ukingoni. Choo cha Mkuu kiko ukingoni."

"Ulimdhalilisha."

"Rangi ilitoka ilipotoka, waheshimiwa. Mimi sikumshika mkono avute."

Mmoja wao akakohoa ndani ya ngumi ili asicheke. Bi Chupa akapewa onyo kali kwa utovu wa nidhamu. Manukato akahamishwa kwa manufaa ya umma. Watu wakashangilia mpaka walipojua amepelekwa makao makuu, kwenye kiti kikubwa zaidi, kusimamia elimu ya usafi kwa mito yote. Ndivyo wanavyofanya wakubwa na kitu kinachonuka: hawakitupi, wanakipandisha rafu ya juu.

Lakini bomba lilikuwa limekwisha kuonekana na kila mwenye gazeti, na kulificha tena haikuwezekana. Wakalikata, wakaliziba, na vyoo vyote vya ofisi vikafungwa hadi shimo jipya lichimbwe. Maegesho yakavunjwa; chini yake lile shimo la zamani likakutwa limejazwa kifusi, kama Bi Chupa alivyodhani. Kazi ikasuasua kama kazi zote za ofisi. Kwa muda wote huo maofisa wa afya, na tai zao, walivuka daraja la miguu kila tumbo lilipowaita, wakapanga foleni kwenye choo cha shimo cha watu wa ng'ambo. Ufunguo alikuwa nao jirani ya mama mdogo, mwanamke mnene asiye na haraka.

"Subiri zamu yako, baba," aliwaambia. "Na ukitoka unawe. Nyie ni watu wa kupeleka magonjwa."

Bi Chupa naye alipanga foleni. Hakuna aliyempisha, na alitambua kwamba hakustahili kupishwa.

Aliendelea kuchota. Safari hii alijipangia vituo mwenyewe, pande zote mbili, pamoja na chini ya ofisi. Madoa yalipungua. Mvua zikaja zikausukuma mto, yakapanda kidogo, kisha yakashuka tena na safari hii yakabaki chini. Akawapima chaza wenyewe, nyama yao iliyosagwa, mara moja, mara ya pili, na ya tatu kwa woga wake tu. Safi. Siku aliyopata jibu la mwisho hakungoja tangazo. Akavuka, akang'oa bendera nyekundu kwa mikono yake, akawakuta wanawake wamekaa miambani wananoa visu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo alimalizia ncha ya kisu kwanza. "Marahaba. Umekuja peke yako leo?"

"Peke yangu. Maji ni safi. Chaza wanalika. Vijana waogelee."

"Kwa hiyo umekuja kutuambia kwamba sisi si wachafu."

"Nimekuja kukuomba radhi, mama mdogo. Kwa ile ndoo, na kwa mengine."

"Mengine yepi?"

Bi Chupa akaiweka bendera chini. "Nikiulizwa kwetu wapi, nilikuwa nasema kule."

"Tunajua," alisema mama mdogo. "Mji mdogo huu, maneno yanavuka mto bila daraja." Akamtazama tena kuanzia juu mpaka chini, kama siku ile, na Bi Chupa akangoja, jasho likimtoka ndani ya koti. "Radhi nitaifikiria. Sitakudanganya kwamba imekwisha, maana haijaisha. Vua viatu."

"Viatu?"

"Utabanduaje chaza na viatu vya harusi?"

Akavua. Akakunja koti, akapokea kisu, akaingia majini hadi magotini. Mikono ilikuwa imesahau. Chaza wa kwanza alimteleza, wa pili akampasua kiganja, damu ikatoka, chumvi ikaingia, akauma meno. Wanawake walicheka wazi wazi.

"Mtazameni msomi," alisema yule mwenye ufunguo. "Anambembeleza chaza kama anamposa."

"Geuza kisu, mjinga wewe," mama mdogo alifoka. "Ingiza pale kwenye bawaba, ganda linapoungana na ganda, kisha zungusha."

Bi Chupa akageuza kisu, akazungusha. Ganda likaachia.

"Mwingine," alisema mama mdogo, akamsogezea ndoo.